Uvimbe Moyoni na Mishipa Iliyoziba: Magonjwa Mawili Katika Kifua Kimoja

Mhadhara kwa wananchi na wahudumu wa afya, Mhunze, wilayani Kishapu



Nimeombwa nizungumzie moyo. Walioniomba walitarajia presha, chumvi na mafuta, na hayo nitayagusa kwa sababu hayakwepeki. Lakini leo nataka kuwaingiza kwa mlango wa pembeni. Nitazungumzia jambo adimu ambalo wengi wenu hamtaliona maishani, nalo ni uvimbe usio wa saratani unaoota ndani ya moyo wa mtu ambaye mishipa yake ya moyo nayo imeanza kuziba. Kila moja ya maradhi haya mawili lina historia yake na chanzo chake, na bado yanaweza kukutwa katika kifua kimoja. Daktari aliyeridhika na la kwanza hulikosa la pili. Nimekuja kwa ajili ya hilo la pili.

Uvimbe unaoanzia moyoni ni nadra sana. Katika uchunguzi wa maiti, hukutwa takriban mara mbili katika kila maiti elfu kumi. Saratani zilizoanzia kwingine, kwenye pafu au titi kwa mfano, huufikia moyo mara nyingi zaidi kuliko uvimbe uliozaliwa hapo hapo. Na ule uliozaliwa hapo, karibu robo tatu yake si saratani. Kwa watoto aina inayoongoza ni rabdomioma, na mara nyingi hiyo hunywea yenyewe mtoto anavyokua. Kuna fibroelastoma, kinyama kidogo kinachopenda kuota kwenye valvu. Kwa mtu mzima mkubwa wao ni miksoma, ambayo huwapata zaidi wanawake, hasa kati ya miaka 30 na 60. Nitabaki na miksoma.

Moyo una vyumba vinne. Damu iliyotoka kuchukua hewa kwenye mapafu huingia chumba cha juu cha kushoto, hupita kwenye valvu ya mitrali, hushuka chumba cha chini, kisha husukumwa kwenda mwilini. Zaidi ya robo tatu ya miksoma huota katika chumba hicho cha juu cha kushoto, kwenye ukuta unaokitenga na chumba cha kulia, zikiwa zimeshikwa na kikonyo. Anayetaka picha yake autazame mbuyu uliozaa: tunda linaning'inia kwenye kikonyo kirefu, na upepo ukipita linakwenda huku na kurudi. Ila tunda hili la moyoni ni laini, la rojorojo, na hukatika vipande kirahisi. Kila pigo la moyo huliteremsha hadi kwenye mlango wa valvu na kulirudisha.

Kutokana na mwendo huo huja madhara ya kwanza: uvimbe ukiwa mkubwa, huziba njia. Mgonjwa huhema akipanda ngazi, hukohoa usiku, huvimba miguu, na wengine huanguka ghafla wanapoinama au kugeuka kitandani. Madhara ya pili ni vipande vinavyomeguka na kusafiri na damu. Hili huwapata takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu, na mara nyingi kipande hukwama kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ya tatu yamewapoteza madaktari wengi, wazuri kabisa: uvimbe huu hutoa kemikali zinazouamsha mwili kana kwamba una maambukizi. Mtu hupata homa za jioni, hukonda, huishiwa damu, viungo vinamuuma.

Sasa hebu mlete mtu huyo hapa kwetu. Mwanamume wa miaka 50 aliyefanya kazi miaka mingi Mwakitolyo au Nyarugusu, akishuka duarani na kusimama kwenye vumbi la karasha, anakohoa, amekonda, ana homa za jioni. Nani kati yetu hatasema kifua kikuu? Na tukisema hivyo hatukosei, kwa kuwa vumbi la mwamba huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hivyo hukaribisha kifua kikuu. Wachimbaji wa ukanda wetu wako katika hatari hiyo kweli. Lazima apimwe makohozi. Swali langu ni la baadaye. Makohozi yakirudi safi mara ya kwanza na ya pili, na dawa zisipomsaidia, ni nani atakayeshika stetoskopu na kuuliza habari za moyo?

Akisikilizwa moyo, bado kuna mtego. Miksoma ya kushoto hutoa sauti inayofanana na ya valvu ya mitrali iliyobana kutokana na homa ya rumatiki, ugonjwa ambao katika Afrika Mashariki bado ni chanzo kikubwa cha valvu mbovu kwa vijana na akina mama. Mgonjwa huandikiwa kwamba ana valvu, hupewa dawa za kukojoa, na faili hufungwa. Zipo dalili ndogo za kutenganisha: sauti inayobadilika mgonjwa akilala ubavu au akiketi, au mlio mzito wa uvimbe unapogota mwisho wa safari yake. Mimi siwezi kumwekea mtu hatima yake kwenye mlio huo, na simshauri tabibu yeyote afanye hivyo.

Tena kuna jibu jingine, ambalo halitoki hospitali. Mama wa miaka 40 amelala mzima, ameamka hawezi kusema, mkono na mguu wa kulia vimekufa ganzi. Hana presha, hana sukari. Kipande cha uvimbe kimekwenda ubongoni. Kabla jua halijatua, bibi kizee jirani, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka sitini, ameanza kutazamwa kama mchawi. Mkoa huu unajua tazamo hilo limeishia wapi kwa vikongwe wengi. Sitaongeza neno hapo, isipokuwa hili: kiharusi kwa mtu asiye na presha ni sababu tosha ya kupeleka moyo wake kwenye kipimo.

Kipimo chenyewe tunakiita eko. Ni mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, yanayopigwa kifuani na kurudi yakiwa picha. Wachimbaji watafurahi kujua asili yake. Mwaka 1953 daktari wa Sweden, Inge Edler, na mwanafizikia Carl Hellmuth Hertz walijaribu kutazama moyo kwa mashine iliyotengenezwa kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma, waliyoipata kwenye kiwanda cha meli cha Malmö. Mwaka uliofuata, huko Stockholm, Clarence Crafoord aliondoa miksoma ya chumba cha kushoto na mgonjwa akapona. Alitumia mashine ya kuubeba mwili wakati moyo umesimama. Kabla ya miaka hiyo uvimbe huu kwa kawaida uligunduliwa mgonjwa akiwa amekwisha kufa. Leo eko huuonyesha kwa dakika chache, hauumi, na mgonjwa harudi nyumbani na jeraha. Ningeambiwa nichague mashine moja ya kuongeza katika kila hospitali ya wilaya ya ukanda wa Ziwa, ningeichagua hii pamoja na mtu aliyefundwa kuitumia. Mashine zisizo na mtu tunazo nyingi, zimefunikwa vitambaa.

Nigeukie ugonjwa wa pili, ambao si nadra hata kidogo.

Moyo haunywi damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake yenyewe, miwili, inayochipuka pale mshipa mkuu unapoanza, na ule wa kushoto hugawanyika mapema kuwa matawi mawili makubwa. Mafuta yakijijenga kwenye kuta za mishipa hiyo, njia hupungua. Mtu akitembea kwa haraka au akibeba gunia, kifua kinabana, akipumzika, kinaachia. Siku moja utando unaofunika mafuta hayo hupasuka, damu huganda juu yake, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo.

Vitabu vya zamani vilisema ugonjwa huu si wa Mwafrika, na wakati ule havikuwa na kosa. Hugh Trowell alitibu wagonjwa Kenya na Uganda tangu mwaka 1929, na ni mwaka 1956 tu ndipo yeye na mwenzake walipochapisha habari za Mwafrika mmoja wa Afrika Mashariki mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa huyo alikuwa jaji, aliyeishi na kula kama wakubwa wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1960 wanapatholojia waliofananisha maiti 632 za Uganda na idadi hiyo hiyo za St. Louis, Marekani, zenye umri unaolingana, walitoa matokeo ambayo bado yananishangaza: Marekani walikuta makovu au vidonda vya shambulio la moyo kwa watu 136. Uganda walikuta kwa mmoja.

Ulimwengu huo umekwisha. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Wengi wao walikuwa hawajui. Sigara zimefika migodini, pikipiki imechukua nafasi ya miguu, na mafuta ya kukaangia yanauzwa kwa vifuko vya bei ya kila mfuko wa shati. Madaktari wanaofanya utafiti KCMC, Moshi, wameonyesha kwamba mashambulio ya moyo yanawapata watu wetu mara nyingi kuliko tunavyoyaandika kwenye mafaili, kwa sababu mwenye maumivu ya kifua huambiwa ana vidonda vya tumbo au nimonia, na kipimo cha umeme wa moyo hakifanywi. Hapa Kishapu nasikia wengi wakisema ni gesi. Gesi imebebeshwa lawama nyingi mno.

Maradhi haya mawili yanakutana wapi? Kwa kadiri ninavyoelewa sayansi yake, chanzo cha pamoja hakipo. Miksoma haizibi mishipa kwa mafuta, wala mafuta hayaoteshi miksoma. Yanakutana kwa sababu mtu ameishi hadi umri ambao yote mawili yanawezekana, na kwa sababu kila moja hulifichua jingine. Mgonjwa anakuja na kifua kinachobana, anawekwa kwenye eko ili nguvu za moyo zitazamwe, na humo uvimbe unaonekana ukicheza. Mwingine anakuja kwa uvimbe wake, na kwa kuwa amevuka miaka 40, madaktari wanapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au wa paja, wanamwaga dawa inayoonekana kwa eksirei, na wanaona tawi moja limebana.

Kuna watu huuliza kwa nini kipimo hiki cha pili kifanywe ilhali ugonjwa umekwisha kujulikana na fedha ni chache. Nitawatungia mgonjwa. Ni mama wa miaka 58, ana sukari, ana miksoma ya chumba cha kushoto, na hakupimwa mishipa. Madaktari wanamsimamisha moyo, wanatoa uvimbe vizuri, kisha wanapotaka moyo urudi kazini, haurudi kwa nguvu zake, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa ukiishi kwa matone tangu zamani. Sasa watafute mshipa uliobana wakati kifua kiko wazi na hawana ramani? Au wafunge, wamrudishe tena mwezi ujao, wapasue mfupa ule ule wa kifua? Pale ramani ilipokuwepo, mambo yote mawili hufanywa kwa usingizi mmoja: uvimbe unatolewa, na mshipa uliochukuliwa mguuni au ndani ya kifua unaunganishwa kuvusha damu ng'ambo ya sehemu iliyoziba. Kazi hiyo ya kuvusha damu kwa mshipa wa mguuni aliieneza Mwajentina René Favaloro akiwa Cleveland mwaka 1967, na huko huko Cleveland ndiko Mason Sones alikopiga picha za mishipa ya moyo kwanza, mwaka 1958.

Mtego wa upande wa pili ni mbaya zaidi, nami nawaomba madaktari vijana waliokaa huku nyuma wanisikilize vizuri. Mgonjwa amekuja na maumivu ya kifua, mishipa imepigwa picha, mmoja umebana, akawekewa stenti, yaani kijibomba cha kuushikilia mshipa wazi, bila eko kufanywa kwanza. Kuanzia hapo lazima ameze dawa mbili za kuzuia damu isigande kwa miezi kadhaa. Ndipo uvimbe unapogunduliwa, nao unataka upasuaji mapema. Ukimpasua akiwa na dawa, atavuja damu. Ukizisimamisha, stenti inaweza kuziba. Eko ya dakika ishirini ingemwondolea mtihani huo.

Na mara chache sana ugonjwa unaoonekana kuwa wa mishipa ni uvimbe wenyewe. Kipande kimemeguka, badala ya kwenda ubongoni kimeingia kwenye mshipa wa moyo na kuuziba. Mgonjwa ana shambulio la moyo la kweli kabisa, lakini mishipa yake haina mafuta. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda haiyeyushi nyama ya uvimbe. Wakati mwingine, picha ya mishipa huonyesha tawi dogo la moyo limechipuka kwenda kuulisha uvimbe, likichukua damu ambayo misuli ya moyo ilikuwa ikiihitaji. Kwa hiyo mwenye maumivu ya kifua na uvimbe moyoni anaweza kuwa na chanzo chochote kati ya hivyo vitatu, na kuhisi tu hakutoshi kuvitofautisha.

Upasuaji wenyewe nitaueleza kwa ufupi. Mfupa wa kifua hupasuliwa katikati, mgonjwa huunganishwa na mashine ya moyo na mapafu, moyo husimamishwa. Kabla haujasimama, daktari hujizuia kuugusagusa, maana kila msukosuko unaweza kumegua kipande. Uvimbe hutolewa mzima na kikonyo chake na sehemu ya ukuta ulipoota, na tundu linalobaki huzibwa kwa kiraka, mara nyingi cha utando wa mgonjwa mwenyewe unaozunguka moyo. Pale penye mikono iliyozoea, wanaofariki kwa upasuaji huu ni wachache, chini ya watano katika mia.

Na mikono iliyozoea tunayo nchini. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, wakati wagonjwa wetu wengi walikuwa bado wanapelekwa India, na mwaka 2015 ikaundwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikisimama peke yake. Hapo kuna eko, kuna maabara ya kupiga picha mishipa, kuna vyumba vya upasuaji, kwa hiyo magonjwa yote mawili yanaweza kutazamwa chini ya paa moja. Shida ni kwamba paa hilo liko Dar es Salaam, na sisi tuko kilomita kama elfu moja kutoka huko. Kwa wengi njia hupitia hospitali ya mkoa, kisha Bugando, Mwanza, ndipo Dar es Salaam, na kila kituo kina foleni yake na karatasi zake.

Mzee mmoja aliniuliza kabla sijaanza: je, auze ng'ombe sasa au asubiri mauzo ya pamba? Nimjibu mbele ya wote. Kama ni kifua kinachobana wakati wa kutembea na dawa zinamsaidia, daktari anaweza kukubaliana naye siku ya kusafiri. Maumivu yanayokuja mtu akiwa amekaa na kudumu zaidi ya dakika chache, hayo ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Na kama eko imeonyesha miksoma, asisubiri pamba. Uvimbe huu hauna dawa ya kumeza wala mizizi ya kunywa, na kila siku unapoendelea kuning'inia unaweza kumegua kipande. Lakini asiuze ng'ombe kwa ajili ya dhana. Kwanza eko ya karibu zaidi inayopatikana, kisha jibu lake kwenye karatasi, kisha mnada. Na wenye kaya ambao hawana bima, walipe mapema wakati wana afya. Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa mwaka 2023, na bima ikikatwa siku ya kuugua huwa imechelewa.

Nimalizie kwa watakaompokea mgonjwa akirudi, yaani wahudumu wa zahanati. Mtarudishiwa mtu mwenye kovu refu kifuani, na ndani yake kuna magonjwa mawili yaliyoachana njia. Miksoma imekwisha. Kwa asiye na historia ya familia, hurudi kwa wagonjwa wachache mno, kama mmoja hadi watatu katika mia, na eko moja kwa mwaka inatosha kuivizia. Ikiwa alikuwa na uvimbe zaidi ya mmoja, ni kijana, au ana madoa mengi meusi midomoni na usoni, mwulizeni habari za ndugu zake na wapelekwe eko wote. Ipo aina ya kurithi, ambayo J. Aidan Carney aliieleza mwaka 1985, na hiyo hurudi mara nyingi zaidi. Mishipa ya moyo nayo haijapona. Imevushiwa damu tu. Mafuta yataendelea kujijenga, hata kwenye mshipa ule mpya, kama presha haikushuka na sigara haikuachwa. Atahitaji aspirini, dawa ya kushusha mafuta ya damu na dawa ya presha kila siku ya maisha yake. Atakuja mara ya kwanza kwa bidii. Baada ya miezi sita, akijisikia mzima na kovu limefungwa, ataacha kuja, akiamini kilichomsumbua kilitolewa Dar es Salaam. Andikeni namba ya simu ya mtoto wake mkubwa kwenye kadi, na dawa zisipoonekana kwenye dirisha lenu mwezi huo, mpigieni.